Anaumwa kichwa, macho yanaingia giza, na vipimo vinasema yuko sawa: ndugu amsaidieje?

Msomaji wa Tanga ameandika kuhusu mtoto wa marehemu dada yake, binti wa miaka 22 anayesoma mwaka wa pili chuo kikuu Dodoma. Kwa miezi saba sasa binti huyo anaumwa kichwa karibu kila siku, zaidi alfajiri, na katika miezi mitatu ya mwisho macho yake huingia giza kwa muda mfupi kila anapoinama kufua au anapoinuka kitandani. Ametibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja, amepimwa macho akapewa miwani ambayo haikubadilisha kitu, na mwishowe amepigwa picha ya CT ya kichwa ambayo majibu yake yalisema hakuna tatizo. Baadhi ya ndugu wanasema ni mawazo ya masomo, wengine wanataka arudishwe nyumbani asomewe dua, na binti mwenyewe amekata tamaa, hataki tena habari za hospitali. Msomaji, ambaye amegusia pia gharama kwa aibu kidogo, anauliza: "Je, niendelee kumhimiza atafutiwe vipimo vingine, au nikubali kwamba hana ugonjwa? Na kama kweli anaumwa, mimi mama yake mdogo niliye mbali nimsaidieje?"

Dada yangu, pole kwa mzigo huu, na umpelekee binti pole yangu pia. Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba usikubali bado. Katika maelezo yako sikuona mahali panaposema kwamba binti aliwekewa matone ya kupanua mboni, akasubiri nusu saa hivi mpaka mboni zikafunguka, kisha daktari akamulika na kutazama nyuma kabisa ya jicho, pale mshipa wa fahamu unapoingia ukitokea kwenye ubongo. Kipimo hicho hakina maumivu, gharama yake ni ndogo kuliko ya picha aliyokwisha kupigwa, na kwa mtu mwenye dalili kama zake kilipaswa kutangulia mengine yote. Kabla hakijafanyika, hakuna daktari wala ndugu mwenye msingi wa kusema kwamba binti hana kitu. Mimi ni daktari wa macho, na nilipofika pale uliposema kwamba giza humjia akiinama, niliona kwamba jambo hili halifai kusubiri likizo ya chuo. Naomba atazamwe ndani ya wiki hii.

Nieleze sababu, kwa kuwa itakubidi uwaeleze na wengine. Ubongo umezungukwa na maji maangavu. Kwa wakati wowote mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji hayo, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo maji yote hubadilishwa mara tatu na zaidi kwa siku moja, yakinyonywa kurudi kwenye damu kupitia mishipa mikubwa ya vena iliyo ndani ya fuvu. Unyonywaji huo ukizuiliwa, shinikizo hupanda, kama tenki ambalo bomba la kuingiza maji liko wazi na la kutolea limebanwa. Na kwa kuwa fuvu la mtu mzima halitanuki, kinachobanwa ni kilichomo ndani. Maji hayohayo hufuata ala inayouzunguka mshipa wa fahamu wa jicho mpaka nyuma ya jicho lenyewe, na kwa sababu hiyo shinikizo la kichwani huufanya mshipa huo uvimbe pale unapoonekana kwa daktari. Hapa sizungumzii presha ya damu inayopimwa mkononi, ingawa nayo ni lazima ipimwe, kwa kuwa presha ya damu iliyopanda kupita kiasi huweza kuvimbisha mshipa huohuo hata kwa kijana.

Mshipa uliovimba ukipoteza mtiririko wa damu kwa sekunde chache, macho huingia giza kisha yakarudi. Ndiyo maana kuinama, kuinuka ghafla, kukohoa au kujikamua chooni huleta giza hilo. Muulize binti mambo mengine matatu, na umuulize kwa utulivu, bila kumtajia jibu unalolitarajia. Je, akilala kwenye chumba kilicho kimya husikia mvumo masikioni unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo? Je, kuna wakati vitu vya mbali, kama mwanga wa gari au mtu aliye mwisho wa ukumbi wa mihadhara, huonekana viwili? Je, shingo na mabega humuuma pamoja na kichwa? Akijibu ndiyo hata kwa moja, mashaka yangu yataongezeka. Akijibu hapana kwa yote, bado nitataka atazamwe.

Miwani imewapotosha wengi katika hali kama hii. Mtu akienda kupimwa miwani husomeshwa herufi ubaoni, na herufi hizo husomwa kwa sehemu ya katikati ya kuona. Shinikizo la kichwani kwa kawaida huanza kula pembezoni na kuiacha katikati salama kwa muda mrefu, kwa hiyo binti anaweza kusoma mstari wa mwisho wa herufi huku uwanja wake wa kuona umeshaanza kupungua pande zote. Baada ya kutazamwa nyuma ya jicho atahitaji pia kipimo cha uwanja wa kuona, ambacho mgonjwa huketi mbele ya mashine, hukazia macho nukta moja na kubonyeza kitufe kila anapoona mwanga mdogo ukitokea pembeni. Karatasi ya majibu yake itunzwe vizuri, maana ndiyo itakayolinganishwa na vipimo vyote vitakavyofuata.

Picha ya CT nayo ni kweli kwamba ilikuwa na maana. Imesaidia kuondoa hofu ya uvimbe mkubwa, ya damu iliyovujia kwenye ubongo, na ya maji yaliyojaa na kutanua vyumba vya ubongo. Lakini picha hiyo haipimi shinikizo, na ile ya kawaida isiyochomwa dawa ya kung'arisha mishipa inaweza kupitwa na damu iliyoganda kwenye vena za kichwani. Upo ugonjwa unaojulikana vizuri ambao shinikizo hupanda, mshipa wa jicho huvimba, na picha hutoka safi au karibu safi, na usafi huo wa picha ni mojawapo ya masharti ya kuutambua. Huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa walioongezeka uzito katika miaka ya karibuni, ingawa wembamba na wanaume nao huupata. Na kwa hao wa mwisho tunatafuta kwa bidii zaidi chanzo kingine kabla ya kuukubali. Sisemi kwamba binti anao, kwa kuwa sijamtazama. Nasema kwamba dalili ulizoandika zinafanana nao mno kiasi kwamba kumwambia ni mawazo ni kumhatarishia macho.

Kuna dawa zinazoweza kupandisha shinikizo hilo, na nyingine hutumiwa na vijana bila kuwataarifu wazazi. Doksisaiklini na tetrasaiklini, ambazo wengi hununua kwa ajili ya chunusi, zimo kwenye orodha. Zimo pia vitamini A kwa kiwango kikubwa na dawa za chunusi zilizo katika jamii yake. Kuacha ghafla dawa za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na mzio, zilizotumika kwa muda mrefu ni sababu nyingine. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, ikiwa ni pamoja na kwenye vena za kichwa, na hatari hiyo huwa kubwa pia katika ujauzito na wiki za baada ya kujifungua. Upungufu mkubwa wa damu, kwa mfano kwa msichana anayetokwa na hedhi nyingi, nao huweza kuhusika, kwa hiyo kipimo cha wingi wa damu kisisahauliwe. Maswali haya usimuulize mbele za watu, wala usimtake akujibu wewe. Mweleze kwa nini yanaulizwa, kisha umwachie nafasi ayajibu mbele ya daktari mlango ukiwa umefungwa. Mwana wa miaka 22 anaweza kumficha mama yake mdogo kidonge cha uzazi wa mpango, na akikificha kwa daktari pia, tunaweza kupotea njia kabisa.

Vivyo hivyo kwa kipimo cha virusi vya Ukimwi. Katika nchi zetu, kijana mwenye maumivu ya kichwa ya wiki nyingi yanayoambatana na matatizo ya kuona anapaswa kupimwa, kwa kuwa kuna fangasi aitwaye kriptokokasi ambaye kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka husababisha homa ya uti wa mgongo inayokuja polepole, mara nyingine bila homa kali na bila shingo kukakamaa, na hupandisha shinikizo la kichwa hadi kuua macho. Kifua kikuu cha utando wa ubongo nacho huja kwa mwendo wa aina hiyo. Hayo yote yana tiba, na tiba hiyo huokoa zaidi inapowahi. Majibu ya kipimo hicho ni ya binti peke yake. Akitaka kukwambia atakwambia.

Ikiwa mshipa utaonekana umevimba, hatua inayofuata ni picha nyingine inayoonyesha vena za kichwa, iwe ya MRI au ya CT yenye dawa, na baada ya hapo kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Hapa naomba nikae kidogo, maana familia nyingi hukatalia hapa. Watu wanaamini kwamba sindano hiyo hulemaza au huua. Imani hiyo imetokana na mambo yaliyoonekana kweli: mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo huletwa akiwa amezidiwa, huchomwa sindano ili ajulikane anaumwa nini, kisha hufariki kwa ugonjwa aliokuja nao, na waliobaki hukumbuka sindano. Kwa mtu mzima, uti wenyewe wa fahamu huishia juu, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano hupita chini ya hapo, mahali penye nyuzi za fahamu zinazoelea ndani ya maji. Binti atalazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea tumboni na kidevu kimeinamishwa kifuani, ngozi itachomwa ganzi, kisha daktari ataingiza sindano nyembamba na kuiunganisha na mrija uliosimama wima wenye alama za sentimita. Maji yatapanda kwenye mrija huo polepole mpaka yasimame, na hapo ndipo shinikizo husomwa. Kwa mtu mzima, sentimita 25 na kuendelea ni juu. Maji kidogo huchukuliwa kwenda maabara kutafutwa kriptokokasi, kifua kikuu na vijidudu vingine. Baadhi ya watu huumwa kichwa baada ya kipimo, maumivu yanayozidi wakikaa au kusimama na kupungua wakilala, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku chache. Sharti muhimu ni kwamba picha ya kichwa itangulie sindano, na kwa binti wenu tayari ipo ya kuanzia.

Tiba ipo, na ndiyo maana nasisitiza haraka. Dawa inayotumika zaidi ni asetazolamaidi, tembe ambayo sisi wa macho tumeizoea kwa kupunguza shinikizo la ndani ya jicho, na ambayo pia hupunguza utengenezaji wa maji ya kichwani. Utafiti uliofanyika Marekani kwa watu 165 waliokuwa na upungufu mdogo wa kuona, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliomeza dawa hii pamoja na kupunguza uzito walirudisha uwanja wa kuona kuliko waliopunguza uzito bila dawa. Binti aonywe mapema kuhusu maudhi yake ili asiyaogope: vidole na midomo huchonyota, haja ndogo huja mara nyingi zaidi, na soda hubadilika ladha ikawa kama ya chuma. Asiinunue dukani kwa kusikia kwangu, kwa kuwa haimfai kila mtu. Mwenye mzio wa dawa za salfa, mwenye mawe ya figo au mjamzito lazima amwambie daktari. Wachache ambao kuona kwao huporomoka haraka huhitaji upasuaji wa kuyafungulia maji njia, na kwa Tanzania upasuaji wa ubongo hupatikana katika MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili, na katika hospitali nyingine kubwa za rufaa.

Ikithibitika kuwa ni ule ugonjwa wa shinikizo kupanda huku picha ikitoka safi, na ikiwa binti ameongezeka uzito, suala la uzito halikwepeki. Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza wa mwaka 2018 unataja kupungua hadi asilimia 15 ya uzito ili ugonjwa utulie, yaani hadi kilo 12 kwa mtu wa kilo 80. Hili ni gumu, na ni gumu zaidi kwa msichana aliyekwisha kuitwa bonge na ndugu zake mwenyewe. Nakusihi, asisikie kutoka kwenu kwamba amejiletea. Akiwa likizo kwako Tanga, badilisheni chungu cha nyumba nzima: wali upungue kwenye sahani zote, mboga za majani ziongezeke, soda na maandazi ya asubuhi viondoke mezani kwa kila mtu. Binti akiwekewa sahani yake ya wagonjwa wakati wengine wanakula pilau atakula baadaye kwa kujificha, na nisingemlaumu.

Sasa tuseme daktari ametazama na mshipa ni mzima kabisa. Hiyo itakuwa habari njema kwa macho yake, lakini bado haitamaanisha kwamba anajisingizia. Kipandauso huanza sana katika umri wake, na huweza kuhusisha macho kwa namna tofauti na ile uliyoandika: badala ya giza la sekunde akiinama, mgonjwa huona mistari inayometa iliyovunjikavunjika au doa linalotambaa polepole kwa dakika 5 hadi 60, kisha kichwa huanza kugonga, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kuuchukia mwanga. Kipandauso kina dawa za kukizuia zinazomezwa kila siku, kama propranolo kwa asiye na pumu au amitriptilini kwa kiwango kidogo usiku, na daktari atachagua kwa kuangalia hali yake. Kuna pia maumivu yanayosababishwa na dawa za maumivu zenyewe. Mtu anayemeza parasetamoli au dawa za aina yake siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, au zile zenye kodeini siku 10 kwa mwezi, anaweza kujikuta kichwa kinamuuma kwa sababu hiyo. Baada ya miezi saba ya kuumwa kila siku, sitashangaa kama sehemu ya maumivu ya binti imekuwa ya namna hii juu ya tatizo la mwanzo. Akienda hospitali achukue paketi zote zilizo kwenye mkoba wake, hata tupu.

Ugonjwa wa jicho lenyewe nao uangaliwe siku hiyohiyo. Kuna jambo linalonisumbua sana katika kazi yangu, nalo ni vijana wanaowashwa na macho kwa mzio na kununua matone yenye steroidi dukani, wakayatumia miezi na miezi kwa kuwa yanaondoa wekundu haraka. Matone hayo yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya mpaka mshipa wa fahamu ukafa, na kuona kulikopotea kwa njia hiyo hakurudi. Kama ana kichupa cha matone chumbani, akibebe pamoja na zile paketi.

Kuhusu wewe kuwa mbali, naamini unaweza kufanya mengi. La kwanza ni kumwambia, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba unamwamini. Amesikia mara nyingi kwamba vipimo ni safi, na kila mara alielewa kwamba anaambiwa ni mwongo. Usimwambie "nimekutafutia hospitali nyingine", kwa sababu safari anazozikataa ni zile zisizo na mwisho; mwambie kuna kipimo kimoja maalumu ambacho bado hakijafanyika, jina lake ni kutazamwa nyuma ya jicho kwa matone, na baada ya kipimo hicho mtakaa pamoja muamue. Ni mtu mzima na mwili ni wake. Ombi lenye mpaka hupokelewa vizuri kuliko amri, hasa na binti asiye na mama ambaye kila ndugu anajiona ana haki ya kumwamulia.

La pili, asiende peke yake. Matone ya kupanua mboni humfanya mtu ashindwe kusoma vitu vya karibu na aumizwe na jua kwa saa kadhaa, kwa hiyo asivuke barabara wala kupanda bodaboda bila mtu wa kumshika mkono. Akiwa Dodoma anaweza kuanzia hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na chuo chake, akamwone daktari wa macho. Kama kuna ndugu au rafiki wa chumba anayemwamini, huyo aingie naye kwa daktari ikiwa binti ameridhia, na kazi yake iwe kuandika. Mgonjwa mwenye maumivu hakumbuki nusu ya anayoambiwa. Wewe unaweza kumsaidia kuandaa ukurasa mmoja kabla ya siku yenyewe: maumivu yalianza lini, huwa makali saa ngapi, giza hudumu kwa muda gani na humjia akifanya nini, dawa zote alizomeza, na mabadiliko ya uzito kwa mwaka mmoja. Chini yake aandike sentensi moja ya kumsomea daktari: "Naomba mshipa wa fahamu wa jicho utazamwe, nijue kama umevimba." Sentensi hiyo haimvunjii daktari heshima. Inampa mahali pa kuanzia katika foleni ya wagonjwa wengi. CD ya picha ya CT na karatasi ya majibu zisiachwe, hata kama zilitoka hospitali nyingine.

Gharama uliigusa kwa aibu kidogo, na hakuna sababu ya kuona aibu. Kama ana kadi ya bima ya NHIF kupitia chuo, aulize dirishani kabla ya kulipa ni vipimo vipi vinagharimiwa na vipi vinahitaji kibali. Akikwama, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali ndiyo mahali pa kueleza hali yake. Ningependa fedha zenu za kwanza ziende kwa daktari wa macho wala zisianzie kwenye MRI, kwa sababu alichokiona nyuma ya jicho ndicho kitakachoamua kama picha hiyo inahitajika leo, mwezi ujao au kabisa haihitajiki.

Chuoni aripoti mapema kwa mshauri wa wanafunzi akiwa na barua ya daktari. Akilazimika kukosa mitihani, vyuo vina utaratibu wa mitihani maalumu na wa kuahirisha masomo kwa sababu za ugonjwa, lakini utaratibu huo humsaidia aliyetoa taarifa kabla ya mtihani kuliko anayekuja kueleza baada ya kufeli. Kama anasoma kwa mkopo, ofisi ya mikopo ya chuo ijulishwe pia.

Kwa ndugu wanaotaka asomewe, sioni haja ya ugomvi. Dua haimzuii daktari kutazama jicho, na kama inampa binti faraja basi isomwe. Ninachokataa bila kusita ni kitu chochote kutiwa ndani ya macho yake, iwe maji ya majani, asali au dawa ya unga, kwa kuwa nimeona vioo vya macho vilivyopata makovu kwa namna hiyo; na kuchanjwa chale za kipaji cha uso pia kuachwe. Nakataa vilevile arudishwe nyumbani kabla ya kutazamwa. Waambie wazee kwamba unaomba siku chache tu, na uwaeleze habari ya maji na mshipa kama nilivyokueleza. Mara nyingi wazee hukataa kile ambacho hawakuelezwa.

Wakati mnasubiri, mfundishe kujipima kwa njia ndogo kila asubuhi. Asimame umbali uleule mbele ya kalenda ya ukutani, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome tarehe, kisha afunike lingine. Watu wengi hupoteza kuona kwa jicho moja bila kujua kwa sababu lingine linafidia. Akigundua jicho moja limefifia, au rangi nyekundu kwa jicho moja imepauka kuliko kwa lingine, aende siku hiyohiyo. Aende siku hiyohiyo pia akianza kuona viwiliviwili, giza likianza kukaa dakika badala ya sekunde, akitapika mfululizo, akipata homa na shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa, udhaifu wa mkono au mguu, maumivu ya ghafla yaliyo makali kuliko yote aliyowahi kuyapata, au jicho moja likiwa jekundu na lenye maumivu huku taa zikionekana zimezungukwa na duara za rangi. Hapo asiende kuomba miadi; aende mapokezi ya dharura, na wewe umpigie rafiki yake wa chumba, usimpigie yeye peke yake.

Ikiwa mshipa utakutwa umevimba na tiba ikaanza, mtegemee mahudhurio ya mara kwa mara mwanzoni, kisha ya kila baada ya miezi michache, hata kichwa kikishaacha kumuuma. Maumivu na uvimbe wa mshipa haviendi pamoja kila mara. Kichwa kinaweza kutulia huku mshipa ukiendelea kubanwa, na kinaweza kuendelea kuuma kwa sababu ya kipandauso huku macho yameshapona, kwa hiyo kinachoamua kupunguzwa au kuachwa kwa dawa ni vipimo vya macho. Uzito ukirudi, shinikizo nalo huweza kurudi. Na akipanga kupata mtoto siku za mbele, amwambie daktari kabla ya kushika mimba, ili dawa zipangwe upya mapema.